Foklifti ya injini: inapofaa na inapoumiza

Mwenye ghala anayetaka kununua foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo kwa meno mawili ya chuma yanayopanda kwenye mlingoti wa mbele, hukutana mapema na kambi mbili. Wapo mafundi na madereva wa siku nyingi, watakaomwambia achukue ya dizeli na aachane na maneno mengi. Wapo pia wauzaji wa mashine za betri, ambao siku hizi wahasibu wamejiunga nao. Hao watatoa kikokotoo, wapige hesabu ya mafuta ya mwaka mzima, kisha wamwambie dizeli imepitwa na wakati. Kila kambi ina hoja zake za kweli. Ila huanza kubishana kabla hazijamuuliza mwenye ghala sakafu yake ikoje, kuta zake zinapitisha hewa kiasi gani, na mashine itafanya kazi saa ngapi kwa siku. Bila majibu hayo hakuna cha kuchagua, kwa sababu karibu kila faida ya injini hugeuka hasara ukiihamisha mashine mita hamsini tu, kutoka uani kwenda ndani.

Injini moja, kazi mbili

Foklifti za injini huchoma dizeli, petroli au gesi ya LPG, jamii ile ile ya gesi tunayopikia. Injini hukaa chini ya kiti cha dereva, na nyuma yake kuna bonge la chuma la kusawazisha mzigo ulio mbele. Foklifti ya kuinua tani tatu yenyewe ina uzito wa tani nne na kitu, na sehemu kubwa ya uzito huo imewekwa nyuma kwa makusudi. Kwenye mashine ya betri, betri yenyewe hufanya sehemu ya kazi hiyo ya kusawazisha. Ndiyo maana hakuna anayelalamikia uzito wake.

Injini hiyo moja hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha magurudumu ya mbele kupitia gia, na inaendesha pampu ya haidroliki inayosukuma mafuta kwenye silinda za mlingoti ili meno yapande. Mtazame dereva mzoefu anapopakia lori. Meno yakishaingia chini ya paleti, ile fremu ya mbao inayopangiwa mzigo, mguu wa kushoto unakanyaga nusu ile pedali ya kusogea taratibu, inayolegeza gia, huku wa kulia ukikanyaga mafuta. Injini inanguruma, mlingoti unapanda haraka, lakini mashine yenyewe inasogea inchi kwa inchi kuelekea bodi ya lori. Kelele yote ile ni ya pampu. Foklifti inayoinua na kushusha pale pale ilipo inaweza kunywa mafuta mengi kuliko inayotembea na paleti tupu kutoka mwanzo hadi mwisho wa ghala.

Mashine ya betri ina mota ya magurudumu na mota nyingine ya pampu, kila moja ikivuta umeme pale tu inapotakiwa. Dereva akiondoa mguu, matumizi yanashuka karibu na sifuri. Injini haina mapumziko ya aina hiyo, maana ikishawashwa inachoma. Na madereva wengi hawaizimi wakati wa kusubiri lori linalofuata, wengine kwa mazoea, wengine kwa sababu betri ya kuwashia imechoka na wanaogopa haitawaka tena. Dakika hizo za kusubiri zikikusanywa kwa wiki nzima zinakuwa lita za kutosha kumshangaza tajiri.

Kwa nini mafundi wanaipenda

Faida ya kwanza ni muda wa kujaza. Foklifti ya dizeli ya tani tatu hutumia takriban lita mbili hadi nne kwa saa, kutegemea kazi na mguu wa dereva, na tangi lake hubeba kama lita 60. Kwa hiyo inaweza kumaliza zamu mbili bila kuomba kitu, na ikiomba, dakika tano zinatosha. Betri ya risasi, ile ya maji ambayo bado ndiyo rahisi kuipata, ina ratiba ambayo kila mwenye foklifti ya umeme anaijua: saa nane za kazi, saa nane za chaji, saa nane za kupoa. Ghala la zamu moja halisumbuliwi na ratiba hiyo. Bandari au kiwanda cha saruji kinachopakia usiku na mchana kinahitaji betri mbili au tatu kwa mashine moja, pamoja na winchi ya kuzibadilisha, kwa sababu kila moja inapita tani.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi mafuta yanavyobeba nguvu nyingi ndani ya ujazo mdogo. Lita moja ya dizeli ina nguvu inayokaribia uniti 10 za umeme. Betri ya volti 80 na ampea-saa 600, ambayo ni saizi ya kawaida kwa mashine ya tani tatu, inabeba uniti 48 tu. Ni kweli injini hupoteza karibu robo tatu ya nguvu hiyo kwa joto na moshi, na mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Lakini hata ukikata upotevu huo wote, betri nzima yenye uzito wa zaidi ya tani moja inafanya kazi ambayo injini ingeifanya kwa dizeli isiyojaza debe. Dizeli yenyewe unaweza kuiagiza kwa bodaboda.

Hapo ndipo umeme wenyewe unapoingia kwenye mjadala. Mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilipita kwenye mgao mkali, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha Februari 2024. Kenya nayo, Agosti 2023, giza liliikumba sehemu kubwa ya nchi kwa usiku mmoja, hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukaguswa. Kwa Tanzania hali imekuwa nafuu baada ya hapo, lakini mwenye ghala hupanga kwa kukumbuka siku mbaya. Tena chaja za betri kubwa kwa kawaida zinataka umeme wa fezi tatu, na ghala nyingi za mazao mikoani zina fezi moja, nyingine hazina umeme kabisa. Kumshauri mnunuzi wa mahindi wa Sumbawanga anunue foklifti ya betri bila kumuuliza habari za fezi ni kumtakia hasara.

Sakafu pia ina neno lake. Injini huvaa matairi ya upepo au matairi magumu ya mpira yenye kashata, na inavumilia yadi ya kifusi, mteremko, matope ya masika na mvua inayopiga mlingoti. Kwenye yadi za mbao za Mafinga, ambako ardhi ni udongo na mzigo ni mbichi na mzito, utaona dizeli tupu. Foklifti za betri za siku hizi zimefungwa vizuri dhidi ya maji kuliko za zamani, lakini nyingi bado zimetengenezwa kwa ajili ya sakafu laini. Zikifika kwenye mashimo zinatikisa betri na viungo vya nyaya, na matatizo huanzia hapo.

Kwenye uzito mkubwa bado hakuna mashindano ya kweli. Zile mashine za bandarini za kubeba makontena, zinazonyoosha mkono juu ya safu na kuinua hadi tani 45, karibu zote unazoziona Dar es Salaam na Mombasa ni za dizeli. Za umeme zimeanza kutengenezwa, lakini bei zake na mahitaji yake ya chaji yanazifanya ziwe za bandari chache zenye mipango ya muda mrefu.

Halafu kuna fundi. Ndani ya foklifti nyingi za mitumba kutoka Japani na mpya kutoka China kuna injini ambazo mafundi wetu wanazijua kwa majina: Isuzu C240 ya dizeli, au Toyota 4Y ya petroli, ile ile iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux za miaka ya 1980. Pistoni, gasketi, nozeli na pampu ya maji utavipata Gerezani kwa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa Nairobi, kwa siku hiyo hiyo. Kadi ya kuongozea mota za foklifti ya betri ikiungua ni habari nyingine. Inatakiwa kompyuta ya kusoma kosa, fundi anayejua kuisoma, na mara nyingi kadi yenyewe inasubiriwa kutoka nje huku mizigo ikibebwa na makuli mgongoni. Nawaelewa kabisa wanaoikwepa mashine ya umeme kwa sababu hii moja tu, hata kama hesabu ya mafuta inawakatalia.

Moshi

Sasa tuingie ndani ya ghala, tufunge milango kwa sababu ya vumbi au wizi, tuwashe injini.

Hapa inabidi kutenganisha aina tatu za mafuta, maana watu huzichanganya na kosa hilo linaweza kuua. Moshi wa dizeli unaonekana na unanuka. Una masizi, una oksidi za naitrojeni zinazowasha macho na koo, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari yake kubwa ni ya miaka: dereva na wapangaji wanaovuta hewa hiyo kila siku. Angalau dizeli hukupa taarifa. Macho yakichoma, watu hutoka nje.

Petroli na gesi ya LPG hazitoi masizi ya kuonekana, na hapo ndipo mtego ulipo. Wauzaji hupenda kusema foklifti ya gesi ni safi na inafaa kufanya kazi ndani. Ikiwa imetunzwa na kurekebishwa vizuri, na ina kichujio cha moshi kinachofanya kazi, hewa yake kweli ni nafuu. Lakini mchanganyiko wa gesi na hewa ukiharibika, injini hizi hutoa kaboni monoksidi nyingi kuliko dizeli. Ndiyo gesi inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani. Haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 35 katika milioni kwa wastani wa siku ya kazi, na inahesabu sehemu 1,200 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Moshi wa injini ya gesi iliyoharibika mchanganyiko unaweza kuwa na asilimia kadhaa ya kaboni monoksidi, na asilimia moja tu ni sehemu 10,000 katika milioni. Wafanyakazi huanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu mchana, wakitoka nje wanapata nafuu, na msimamizi anadhani ni joto au njaa. Kichwa kikiwauma watu watatu wa godauni moja siku moja, zima injini kwanza, mengine uliza baadaye.

Mahali pabaya kuliko pote ni ndani ya kontena. Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita za ujazo kama 33 tu, na lina mlango mmoja. Foklifti inapanda rampu, inaingia na paleti, inashusha, inarudi nyuma, inaingia tena. Huko mwisho wamesimama watu wawili wanaopanga magunia, na kila safari mashine inaziba mlango na kupuliza moshi. Ukiwa na injini kwenye kazi ya kushindilia makontena, bora mashine iishie mlangoni na mzigo umaliziwe ndani kwa paleti jeki ya mkono. Kazi inachelewa kidogo. Hakuna njia nyingine ya maana zaidi ya hiyo, isipokuwa kutumia ya betri.

Moshi huharibu bidhaa pia, si mapafu peke yake. Mfano ninaoupenda ni chai, kwa sababu una bei iliyo wazi. Ghala za Mombasa huhifadhi chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko ikisubiri mnada na meli. Chai kavu hunyonya harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo, iwe sabuni, viungo au dizeli, na mnunuzi wa mnadani anaonja kabla ya kutoa pesa. Mfuko wa karatasi hauzuii moshi unaorudi kila siku kwa wiki tatu. Mwenye ghala la chai anayetumia dizeli ndani anacheza na sifa ya mzigo wa watu. Kahawa iko kwenye hatari hiyo hiyo, na vyakula vilivyofungashwa kidogo kidogo. Kwa saruji, mabati na marumaru, hakuna anayejali.

Pamba ina balaa lake tofauti. Kwenye vinu vya kuchambua pamba vya Shinyanga na Simiyu hewa imejaa nyuzi. Nyuzi hizo huvutwa na feni hadi kwenye rejeta na kuziba mianya yake mpaka injini ichemke, na zikitua kwenye bomba la moshi lenye joto la mamia ya nyuzijoto zinaweza kuwaka. Injini ya mahali kama hapo inatakiwa kuwa na kizuia cheche kwenye bomba la moshi, rejeta inapulizwa kwa upepo wa kompresa kila siku kutoka upande wa injini kwenda nje, na kizima moto kinakaa kwenye mashine yenyewe, si ofisini. Mashine ya betri nayo haiko huru kabisa. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na chumba cha chaji kisicho na madirisha kinaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kwenye LPG kuna jambo moja zaidi la hapa kwetu. Mtungi wa foklifti hulazwa, na umetengenezwa kutoa gesi ikiwa bado kimiminika, ndipo igeuzwe mvuke karibu na injini. Mtungi wa jikoni husimama na hutoa mvuke. Wapo wanaotaka kulaza mtungi wa jikoni juu ya mashine kwa sababu wa foklifti haupatikani kwa urahisi mjini kwao. Wasifanye hivyo. Na kwa kuwa LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini: mashine isiegeshwe karibu na mtaro au shimo la karakana.

Pesa

Bei ya kununua huwa upande wa injini. Foklifti ya dizeli ya uwezo ule ule ni nafuu kuliko ya betri pamoja na chaja yake, na pengo linaongezeka ukiweka betri ya lithiamu. Tatizo huanza baada ya hapo, na linategemea mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi, kuliko kitu kingine chochote.

Tufanye mfano. Mashine ya tani tatu inafanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, yaani karibu zamu kamili kila siku ya kazi, na inatumia lita 3 kwa saa. Hiyo ni lita 6,000. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa Tanzania, hutangaza bei kikomo kila mwezi na bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tuchukulie tu shilingi 2,800 kwa lita: jumla ni shilingi milioni 16.8. Kazi hiyo hiyo kwa mashine ya betri ya risasi, ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, inakaribia uniti 24,000. Tukichukulia shilingi 350 kwa uniti pamoja na makato, unapata milioni 8.4, nusu kamili. Ongeza upande wa injini oili na filta kila baada ya saa kama 250, mkanda wa feni, plagi au nozeli. Mashine ya betri haina hayo, ina grisi, oili ya haidroliki na maji ya betri.

Kwa saa hizo 2,000, wahasibu wameshinda. Sasa chukua duka la vifaa vya ujenzi linaloshusha lori mbili kwa siku. Foklifti inafanya kazi saa mbili, iliyobaki inasimama chini ya mwembe. Kwa mwaka ni saa 600, lita 1,800, shilingi milioni 5. Ukihamia betri unaokoa kama milioni 2.5, na baada ya miaka kadhaa betri ya risasi, ambayo huvumilia takriban chaji 1,500 ikitunzwa vizuri, inataka kubadilishwa kwa mamilioni mengi. Tena betri inayokaa bila kazi na bila kuongezwa maji hufa kabla ya wakati wake. Kwa mtu huyu dizeli bado ni akili nzuri, na ninashuku wenye foklifti wengi wa Afrika Mashariki wako upande wake kuliko upande wa saa 2,000.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji: mafuta huibiwa. Mpira wa nusu inchi na dumu la lita tano vinatosha, na mita ya mafuta ya foklifti nyingi za mitumba haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna anayejua. Mwenye mashine makini hujaza mwenyewe asubuhi, anaandika namba ya mita ya saa, na kugawanya lita kwa saa kila wiki. Ikiwa juzi ilikuwa tatu na leo ni tano, ama injini inaumwa ama kuna mtu ana dumu. Umeme hauchukuliki kwenye dumu. Kuna na uchakachuaji, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayana ulainisho wa kutosha na huikwangua pampu ya nozeli kwa ndani. Nunua kwenye kituo chenye risiti, hata kama cha kona kina punguzo.

Betri ya lithiamu ndiyo iliyobadilisha mjadala huu kwa miaka ya karibuni. Haina maji ya kuongeza, haitoi haidrojeni ikichajiwa, na inakubali chaji ya nusu saa wakati wa chakula, kwa hiyo ile ratiba ya nane-nane-nane haina maana tena. Watengenezaji wa China kama BYD, Heli na Hangcha wanaziuza kwa tani zile zile tulizozoea kuziona za dizeli. Kwa ghala la ndani lenye zamu mbili na umeme wa fezi tatu unaoaminika, sioni tena hoja ya kununua injini mpya. Ila hoja za yadi, mvua, mkoani na saa chache hazijaguswa na lithiamu. Makampuni mengi yanayojua kupanga huishia na mchanganyiko: dizeli moja au mbili nje kwenye lori na makontena, betri ndani kwenye rafu, na mstari wa rangi mlangoni ambao injini haivuki.

Ukiamua kununua ya injini, na iwe mtumba

Mashine za Kijapani hujitaja zenyewe ubavuni. FD ni dizeli, FG ni petroli au gesi, FB ni betri. Namba inayofuata ni uwezo: 25 ni tani mbili na nusu, 30 ni tani tatu. Toyota huweka namba ya toleo mbele, kwa hiyo 8FD30 ni toleo la nane, dizeli, tani tatu. Tani hizo zinahesabiwa kitovu cha mzigo kikiwa milimita 500 kutoka kwenye shina la meno. Mzigo mrefu unaosukuma kitovu mbele zaidi, au kifaa cha ziada kilichofungwa kwenye meno, hupunguza uwezo huo, na kibao cha chuma karibu na kiti ndicho chenye neno la mwisho. Kama kibao kimeng'olewa, jiulize kwa nini.

Ukikuta foklifti mpya mpya kutoka Ulaya, uliza kuhusu kichujio cha masizi. Kanuni za huko za hatua ya tano, zilizoanza 2019, zimefanya dizeli nyingi za saizi hii zije na kichujio hicho, na kimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa kidogo mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishuka hadi salfa sehemu 50 katika milioni kuanzia 2015, na hiyo ni hatua kubwa kutoka tulikokuwa, lakini Ulaya wako kwenye 10. Kichujio huziba, fundi hukikata, na unabaki na mashine ya bei ghali inayotoa moshi wa zamani.

Mita ya saa isome, usiiamini peke yake. Angalia mpira wa pedali: mashine inayodai saa 3,000 huku pedali imekwisha hadi chuma inadanganya. Angalia minyororo ya mlingoti na unene wa meno kwenye kona yake, maana huko ndiko yanakokatikia. Inua mzigo halisi, uache juu dakika kumi uone kama unashuka wenyewe. Kisha moshi. Mweusi unaoendelea ni hewa kidogo au nozeli mbovu, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Haya yote yanaonekana vizuri injini ikiwashwa ikiwa baridi, kwa hiyo mwambie muuzaji utakuja alfajiri kabla hajaigusa. Ukifika, weka kiganja kwenye rejeta kabla ya kusema lolote. Ikiwa imeshapata joto, kuna kitu anakificha, na yadi za kuuza foklifti ziko nyingi.